Nani Hulipia Hundi ya Serikali? Marejesho ya Kodi Nchini Marekani, 1943 hadi 2021

Tangu mwaka 1975 serikali ya shirikisho ya Marekani, yaani ile ya nchi nzima yenye makao yake Washington, imewatumia wananchi hundi za kodi katika vipindi vinne vikubwa, 1975, 2001, 2008 na 2020 hadi 2021, na kila mara hundi hizo zilipofika majumbani swali lilelile lilizuka: je, fedha hizi ni za bure? Wanasiasa waliozipitisha walizungumza kama watu wanaotoa zawadi, na wapokeaji wengi walizipokea hivyo, ilhali wengine waliziogopa wakidhani kwamba mwaka ambao ungefuata wangedaiwa kuzirudisha. Chanzo cha mkanganyiko huo ni kwamba kila hundi ya namna hii huandikwa katika vitabu viwili vya hesabu, kimoja cha mpokeaji na kingine cha hazina ya serikali, na kinachoonekana katika kitabu cha kwanza mara nyingi hakifanani na kilichoandikwa katika cha pili. Historia ya hundi hizi inaonyesha kwamba katika kitabu cha mpokeaji fedha hizo zimekuwa wakati fulani mali yake mwenyewe na wakati fulani msaada wa kweli, lakini katika kitabu cha hazina hazijawahi kuwa za bure hata mara moja.

Ni vema kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Marejesho ya kawaida ya kodi ni fedha ambazo mtu alikatwa kupita kiasi katika mwaka, nazo humrudia baada ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa yake ya mwaka ya mapato na kodi. Nafuu ya kodi ni kitu kingine: ni kiasi ambacho sheria inakipunguza katika kodi yenyewe, si katika mapato yanayotozwa kodi, na Bunge laweza kuamua kwamba nafuu hiyo isisubiri ritani bali itumwe mara moja kwa hundi. Neno hundi lenyewe, ambalo Waswahili walilipokea kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, lilitaja tangu asili karatasi inayoamuru fedha zilipwe mahali pengine na mtu mwingine, na maana hiyo ya kale inalifaa sana jambo linalojadiliwa hapa, kwa kuwa kiini cha swali ni kumjua huyo mtu mwingine anayelipa.

Mazoea ya kungoja fedha kutoka kwa mtoza kodi hayakuwako Marekani kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Kodi ya mapato ya mtu binafsi, iliyoruhusiwa na Marekebisho ya 16 ya Katiba mwaka 1913, ilikuwa kwa miaka mingi mzigo wa watu wachache wenye kipato kikubwa, nao waliilipa katika mwaka uliofuata ule ambao walipata mapato yao. Gharama za vita ziliingiza mamilioni ya wafanyakazi wa kawaida katika daftari la kodi, na ilidhihirika upesi kwamba mtu wa mshahara mdogo hawezi kuweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya kodi ya mwaka uliopita. Sheria ya Malipo ya Kodi ya Papo kwa Papo, iliyopitishwa Juni 1943, iliamuru waajiri wakate kodi katika mshahara kabla haujamfikia mfanyakazi, utaratibu ambao wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaujua kwa jina la PAYE. Kwa kuwa mwaka huo mmoja watu wangelipa kodi mbili kwa pamoja, ya mwaka uliopita na ya mwaka uliokuwapo, Beardsley Ruml, mweka hazina wa maduka ya Macy's, alishawishi kwamba kodi ya mwaka mmoja isamehewe, na mwishowe Bunge lilisamehe walipakodi walio wengi robo tatu yake. Msamaha huo ulionekana kuwa zawadi kubwa, lakini hazina haikukosa mapato mwaka wowote, kwa maana makato mapya yalianza kuingia kabla pengo halijatokea.

Kutokana na makato hayo ndipo yalipozaliwa marejesho ya kila mwaka. Viwango vya kukata vilipangwa kwa namna ambayo wengi hukatwa zaidi ya wanachodaiwa, na katika miaka ya karibuni wastani wa marejesho umekuwa karibu dola 3,000 kwa kila anayerejeshewa. Familia nyingi huzipokea fedha hizo kama bahati njema ya msimu wa Februari na Machi, ingawa kwa kweli zilikuwa mali yao tangu mwanzo, na serikali ilikaa nazo mwaka mzima bila kuwalipa riba. Yanayohuzunisha zaidi yalikuwa yale ya mikopo ya kutanguliza marejesho, iliyoenea hasa miongoni mwa watu wa kipato cha chini, ambao walilipa ada na riba kubwa ili wakopeshwe kwa wiki chache fedha ambazo tayari zilikuwa zao.

Hundi ya kwanza ya nafuu ilikuja katika mdororo wa uchumi uliofuata mshtuko wa bei ya mafuta wa 1973. Januari 1975 Rais Gerald Ford alipendekeza walipakodi warudishiwe asilimia 12 ya kodi yao ya 1974, hadi kufikia dola 1,000 kwa mtu. Bunge, likiona kwamba mpango huo uliwapendelea mno wenye kodi kubwa, lilishusha kiwango hadi asilimia 10 na kuweka kikomo cha dola 200. Ford alitia saini tarehe 29 Machi 1975, na hundi zenye thamani ya takriban dola bilioni 8 zikatumwa, huku wapokeaji wa pensheni za hifadhi ya jamii wakipewa dola 50 kila mmoja. Mwezi Mei mwaka huo asilimia 9 ya nguvukazi haikuwa na ajira, na kwa mfanyakazi aliyesimamishwa kiwandani dola 200 zilikuwa fedha za kununulia chakula na kulipia kodi ya nyumba.

Kwa mlipakodi wa 1975 hesabu ilikuwa wazi: kilichorudi hakikuzidi kilichokuwa kimetoka mfukoni mwake, kwa hiyo hakuna aliyepewa kitu kisichokuwa chake. Kitabu cha hazina kilisema jambo jingine. Bajeti ilikuwa na nakisi tayari, yaani matumizi yalizidi mapato, na kila dola iliyorudishwa ilibidi izibwe kwa kuuza hati fungani, ambazo ni ahadi za serikali za kurudisha deni pamoja na riba. Kurudishiwa kodi huku serikali ikiendelea kutumia kiasi kilekile hakumwondolei mwananchi gharama ya matumizi hayo, bali kunaiahirisha.

Sheria hiyohiyo ilibeba kifungu kilichopewa uzito mdogo wakati ule lakini kilichokuja kuzidi hundi zenyewe kwa umuhimu. Kwa msukumo wa Seneta Russell Long wa Louisiana, wazazi wenye kipato kidogo cha kazi walipewa nafuu iliyofikia dola 400, na kwa mara ya kwanza nafuu hiyo ilimfikia hata yule ambaye kodi yake ya mapato ilikuwa ndogo kuliko nafuu yenyewe, akalipwa tofauti hiyo taslimu. Utaratibu huu, unaoitwa nafuu inayolipwa, ulivuka mpaka kati ya kurudisha kodi na kutoa ruzuku. Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo fedha za bure zilipoanza, lakini hoja yao husahau kwamba mfanyakazi asiyedaiwa kodi ya mapato hukatwa michango ya hifadhi ya jamii tangu dola yake ya kwanza, tena hulipa kodi za mauzo kila anapoingia dukani.

Miaka miwili baadaye Rais Jimmy Carter aliahidi hundi ya dola 50 kwa kila mtu, kisha akaiondoa ahadi hiyo Aprili 1977 kwa kuhofia kwamba uchumi uliokwisha kuanza kuamka ungepata mfumuko wa bei. Wanauchumi nao walikuwa wamekwisha tia shaka. Milton Friedman, ambaye wakati wa vita alikuwa kijana wa Wizara ya Fedha aliyeshiriki kubuni makato ya mshahara, alieleza katika kitabu chake cha 1957 kwamba watu hupanga matumizi kwa kuangalia kipato wanachotarajia cha miaka mingi, si fedha ya ghafla ya mara moja. Franco Modigliani na mwenzake Charles Steindel walipoichunguza hundi ya 1975 walihitimisha kwamba haikuwa chombo chenye nguvu cha kuamsha uchumi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1974, Robert Barro alikuwa amefufua wazo lililojadiliwa na David Ricardo karne ya 19, kwamba wananchi wanaojua kuwa deni la leo ni kodi ya kesho wataiweka hundi akiba ili waje kuilipia kodi hiyo, na hivyo hundi haitabadilisha chochote. Nadharia ya Barro ni kali mno, kwa maana inamtaka kila mwenye nyumba awe na subira na hesabu za mweka hazina, lakini ndiyo iliyolitaja bayana jambo ambalo wanasiasa walikwepa kulitaja.

Kisa cha 2001 kinastahili kuchunguzwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa ndicho pekee ambamo serikali ilianza ikiwa na ziada ya bajeti, yaani mapato yaliyozidi matumizi. Mwaka wa fedha wa 2000 ziada hiyo ilikuwa dola bilioni 236, na Rais George W. Bush alijenga kampeni yake juu ya hoja kwamba fedha hizo ni za wananchi na zapasa kurudi kwao. Sheria aliyoitia saini tarehe 7 Juni 2001 iliunda daraja jipya la kodi la asilimia 10 kwa dola 6,000 za mwanzo za mapato yanayotozwa kodi ya mtu asiye na mwenzi, fedha ambazo hapo awali zilitozwa asilimia 15. Tofauti ya asilimia 5 katika dola 6,000 ni dola 300 kamili, na hicho ndicho kiasi kilichoandikwa katika hundi yake. Mume na mke, ambao daraja lao lilifika dola 12,000, walipata 600, na mkuu wa kaya anayelea mtoto peke yake alipata 500.

Maana yake ni kwamba hundi hiyo haikuwa nyongeza juu ya punguzo la kodi, bali ilikuwa punguzo lenyewe la mwaka 2001 likilipwa kabla ya ritani. Aliyepokea dola 300 mwezi Agosti hakuweza kuzidai tena alipojaza ritani mwanzoni mwa 2002, na aliyetarajia hundi pamoja na kiwango kipya kwa mwaka huohuo alikuta kwamba amekwisha lipwa. Fomu ilikuwa na mstari maalumu kwa ajili ya watu ambao hawakuwa wamepata kiasi chao chote, na mstari huo ukawa chanzo kikubwa cha makosa ya ritani mwaka huo. Kwa upande mwingine, hofu kwamba hundi ingedaiwa haikuwa na msingi, kwani hata mtu ambaye mapato yake ya 2001 hayakumstahilisha kiasi alichopewa hakutakiwa kurudisha chochote. Aliyekosa kabisa ni mfanyakazi ambaye hakudaiwa kodi ya mapato mwaka 2000, ingawa michango yake ya hifadhi ya jamii ilikuwa sehemu ya ziada iliyokuwa ikigawanywa. Hilo ni kosa la haki ambalo sheria hiyo haiwezi kuoshwa nalo, kwa maana fedha ziliitwa za wananchi wote kisha wakatengwa waliochangia kwa mlango mwingine.

Ziada yenyewe haikukaa kungoja. Hundi zilizofikia takriban dola bilioni 38 zilianza kutumwa Julai, na mwishoni mwa mwezi huo Wizara ya Fedha ilitangaza kwamba katika robo ya mwaka ya Julai hadi Septemba ingekopa karibu dola bilioni 51, ilhali hapo awali ilitarajia kupunguza deni katika kipindi hicho. Mdororo wa uchumi na mashambulizi ya Septemba 11 vilimaliza yaliyobaki, na mwaka wa fedha wa 2002 ulifungwa kwa nakisi ya dola bilioni 158. Kwa hiyo hata hundi iliyoelezwa kuwa mgawo wa ziada ilihitaji mkopo ili ilipwe.

Utumaji wa hundi hizo uliwapa wataalamu fursa adimu. Kwa kuwa hazikuweza kuchapishwa zote kwa siku moja, zilitumwa kwa zamu kufuatana na tarakimu mbili za mwisho za nambari ya hifadhi ya jamii ya mlipakodi, tarakimu ambazo hazihusiani kamwe na utajiri wala tabia ya mtu, na hivyo watafiti waliweza kuwalinganisha waliopata mapema na waliochelewa kama ilivyo katika jaribio la maabara. Matthew Shapiro na Joel Slemrod waliwauliza watu wangezifanyia nini, na asilimia 22 tu walisema kwamba wangezitumia zaidi kuliko kuweka akiba au kulipa madeni. David Johnson, Jonathan Parker na Nicholas Souleles walichunguza matumizi halisi wakaona kwamba kati ya asilimia 20 na 40 ya hundi ilitumika kwa vitu visivyodumu ndani ya miezi mitatu ya kupokelewa, na kwamba wenye kipato kidogo na akiba ndogo ndio waliotumia zaidi. Matokeo haya mawili hayapingani sana, kwani mtu anayelipa deni la kadi leo hupata nafasi ya kununua kesho.

Hundi za 2008 zilifuata njia iliyokwisha fyekwa. Sheria ya tarehe 13 Februari 2008 iliwapa watu wazima wengi kati ya dola 300 na 600 kila mmoja, na dola 300 kwa kila mtoto, ikipunguza kiasi hicho kwa mtu mwenye mapato yaliyozidi dola 75,000 na kwa wanandoa waliozidi 150,000. Safari hii hata asiyedaiwa kodi alipata, mradi alikuwa na angalau dola 3,000 za mshahara au pensheni ya hifadhi ya jamii. Takriban dola bilioni 100 zilitolewa katika mwaka ambao hazina haikuwa na ziada yoyote. Neno kurudisha lilikuwa limepoteza maana yake halisi, kwa sababu hakukuwa na fungu lililokuwa likirudishwa: serikali iliuza hati fungani, ikapokea fedha za wawekezaji wa ndani na wa nje, ikazigawa.

Katika janga la UVIKO-19 kipimo kilibadilika kabisa. Sheria ya Machi 2020 ilitoa dola 1,200 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto, ile ya Desemba ikaongeza 600 kwa kila mmoja, na ya Machi 2021 ikaongeza 1,400, hata familia ya wazazi wawili na watoto wawili yenye kipato cha wastani ikapata jumla ya dola 11,400. Malipo hayo matatu yalizidi dola bilioni 800. Kisheria bado yaliitwa nafuu ya kodi iliyotangulizwa, ya ritani za 2020 na 2021, lakini kwa kweli yalikuwa msaada wa dharura uliopitishwa katika mfereji wa kodi kwa sababu mfereji huo ulikuwa na majina na anwani. Mfereji huo ulikuwa na mitobo: kufikia mwisho wa Aprili 2020 karibu malipo milioni 1.1, yenye thamani ya takriban dola bilioni 1.4, yalikuwa yametumwa kwa watu waliokwisha kufa. Katika hundi za karatasi za awamu ya kwanza lilichapwa jina la Rais Donald Trump, jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika malipo ya mamlaka ya kodi, nalo lilizidisha dhana kwamba mkono mmoja wa hisani ndio uliotoa kile kilichokopwa kwa dhamana ya wote.

Si haki kuyahukumu malipo hayo kwa deni peke yake. Umaskini wa watoto, kwa kipimo cha ziada cha serikali kinachohesabu pia misaada na nafuu za kodi, ulishuka hadi asilimia 5.2 mwaka 2021, kisha ukapanda hadi asilimia 12.4 mwaka 2022 baada ya hundi na posho za watoto za mwaka huo kukoma. Mkopo uliolisha mtoto wakati kazi zimefungwa kwa amri haulingani na mkopo uliotumiwa kununua sifa ya uchaguzi. Hata hivyo gharama ilikuja, tena kwa njia ambayo haikupita Bungeni. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, na ingawa kukatika kwa minyororo ya ugavi na vita vya Ukraine vilichangia sana, watafiti wa Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya San Francisco walikadiria kwamba misaada ya serikali kwa jumla yake huenda iliongeza takriban pointi 3 za asilimia katika mfumuko wa bei kufikia mwisho wa 2021. Bei inapopanda hulipa kila anayenunua mkate, akiwemo mfanyakazi mhamiaji ambaye, kwa kukosa nambari ya hifadhi ya jamii, hakupata hata senti katika hundi hizo ijapokuwa alilipa kodi.

Mahali pamoja nchini humo ambapo mtu angeweza kudai kwamba ameona hundi ya serikali isiyo na deni nyuma yake ni jimbo la Alaska. Mwaka 1976 wapiga kura wa huko walirekebisha katiba ya jimbo ili sehemu ya mapato ya mafuta iwekwe katika mfuko wa kudumu, na kwa juhudi za Gavana Jay Hammond gawio la kwanza, dola 1,000 kwa kila mkazi, lililipwa 1982, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kukataa mpango wa kuwapa zaidi wale waliokaa muda mrefu. Lakini gawio hilo nalo hutozwa kodi ya mapato ya shirikisho, na mafuta yakichimbwa mara moja hayarudi. Bei ya mafuta ilipoanguka, Gavana Bill Walker aliikata hundi ya 2016 karibu nusu, kutoka dola 2,072 za mwaka uliotangulia hadi 1,022, kwa kuwa fedha iliyogawanywa haikuweza tena kulipia shule na barabara.

Kwa hukumu ya historia hii, basi, swali la kama hundi ni ya bure limeelekezwa vibaya kwa mpokeaji, ambaye kwa sheria za 1975, 2001, 2008 na 2020 hakuwa na deni lolote la kurudisha alichopewa kihalali. Linapaswa kuelekezwa kwa hazina, ambayo haijapunguza matumizi yake kwa sababu ya hundi yoyote kati ya hizo, na ambayo hati fungani zake zikiiva hulipwa kwa kuuza nyingine mpya, hata deni la hundi ya zamani likaendelea kuzaa riba muda mrefu baada ya fedha zake kusahauliwa. Mwaka wa fedha wa 2024 riba halisi iliyolipwa na serikali ya shirikisho ilikaribia dola bilioni 880 na kuzidi kidogo matumizi ya ulinzi. Mtoto aliyezaliwa 2007, ambaye wazazi wake walipewa dola 300 kwa ajili yake katika hundi ya 2008, alitimiza miaka 18 mwaka 2025, na sehemu ya kodi ya kwanza itakayokatwa katika mshahara wake itakwenda kulipa riba ya deni hilo.